Fumua, Geuza, Shona: Hotuba kwa Familia Zisizotupa Ovyo

Wazee wetu, wazazi wenzetu, na nyinyi vijana mliojipanga nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kutupa nafasi. Tumekuja na vitu viwili, shati na shuka. Vyote vimechakaa. Tunaomba mvitazame kwanza, neno la fahari litafuata.

Shati hili kola yake imekwisha. Pale kwenye mkunjo wa juu, panapogusana na shingo na ndevu, kitambaa kimelika mpaka nyuzi za ndani zinachungulia. Lakini geuzeni shati lote: mgongo mzima, mikono mizima, vifungo vyote vipo, tundu hakuna. Kilichokufa ni ukanda wenye upana wa milimita chache tu, na kwa ajili ya ukanda huo watu hutupa shati zima.

Jambo letu la leo ni hilo. Kitu hakichakai chote kwa wakati mmoja, kina mahali pake pa kufia. Shati hufia kolani, shuka hufia katikati, kiatu hufia kisiginoni, bomba hufia kwenye kimpira, sufuria hufia mpinini. Familia iliyozoea kubana matumizi, vizazi kwa vizazi, inajua kila kitu cha nyumbani kinafia wapi na inafika pale mapema. Huo ni ufundi kama useremala au uashi. Fundi huonea fahari kazi yake, na hatujui kwa nini aliyegeuza kola aone haya.

Sasa tuishike kola yenyewe. Ukosi wa shati la kawaida una sehemu mbili: mkanda wa shingoni unaobeba kifungo cha juu, na jani linalokunjika juu ya mkanda huo. Jani lina uso wa juu, unaoonekana na kulika, na uso wa chini ambao haujawahi kuona jua. Kugeuza kola ni kulitoa jani, kulipindua, na kulirudisha, ili uso mzima uje juu na uliolika uende chini ambako hakuna anayetazama.

Fua shati kwanza, lipige pasi. Kunja jani katikati, ncha juu ya ncha, upate kitovu chake; kitie alama ya chaki au uzi wa rangi nyingine. Weka alama kama hiyo kwenye mkanda, mahali hapohapo. Wanaoharibu kazi hii wengi huharibia hapa: wanakimbilia wembe kabla ya chaki, halafu jani linarudi limekaa upande, ncha moja imemzidi mwenzake kwa nusu sentimita, na shati haliwezi tena kukaa sawa shingoni hata likipigwa pasi mara kumi.

Baada ya alama, fumua mshono unaoliunganisha jani na mkanda, huo tu. Usiguse mshono unaoshika mkanda na shati. Kata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne kwa upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Utatoka mrefu bila kubishana. Ukiona unabisha, kata tena. Ukivuta kwa nguvu utachana kitambaa pembezoni mwa matundu ya sindano, na matundu hayo ndiyo ramani yako ya kurudi.

Jani likishatoka, tibu pale palipolika. Weka utepe mwembamba wa kitambaa laini juu ya jeraha, pitisha mashine mbele na nyuma mara kadhaa kufuata urefu wa sehemu iliyolika. Hakuna haja ya kupendezesha, maana upande huo unakwenda kufichwa. Kisha pindua jani, liingize ndani ya mdomo wa mkanda, kitovu kwa kitovu, pini ya kwanza ikae katikati na nyingine zitoke hapo kwenda nje kulia na kushoto. Ukianzia ncha moja kwenda nyingine kitambaa kitasukumwa na utaishia na ziada usiyojua pa kuipeleka. Piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda. Kunja kola kama inavyovaliwa, itazame kwenye kioo. Ndipo upitishe mashine juu ya matundu yaleyale ya zamani, mshono wa milimita 2.5 hivi.

Kuna mambo mawili ya kutazamia. Mashati mengi uso wa juu wa jani hukatwa mkubwa kidogo kuliko wa chini, ili kola ilale vizuri. Ukigeuza, udogo unakuja juu na ncha zinataka kuinuka. Lowesha kidogo, piga pasi ya moto ukivutia ncha chini, uache ipoe ikiwa imekunjwa. La pili ni yale mashati yenye vijimfuko chini ya kola vya kuingizia vijiti vya kunyoosha ncha. Ukigeuza, vijimfuko vinakuja juu na vinaonekana. Shati la namna hiyo ama unaziba midomo ya vijimfuko kwa uzi wa rangi ya kitambaa, ama unaliacha liwe la kazini. Kola zenye vifungo nchani hazina shida: tundu la kifungo ni tundu pande zote mbili.

Kola hugeuzwa mara moja tu. Ikilika na upande wa pili, shati limemaliza umri wake wa heshima. Hapo toa vifungo uweke kwenye mkebe, mgongo ukate vitambaa vya kufutia, na mikono iwe viraka vya mashati ndugu zake. Kiraka, tukiwa hapohapo, kikatwe kutoka nguo kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Kitambaa kipya ambacho hakijapita majini kitasinyaa kwenye fuo la kwanza na kuvuta nguo yote, na palipokuwa na tundu moja patakuwa na mikunjo minne.

Shuka sasa. Tuinyooshe mbele ya dirisha. Mnaona katikati panavyopitisha mwanga, na pembeni panavyokataa? Mwili hulala katikati. Mabega na viungo vya nyonga husugua palepale usiku baada ya usiku, na jasho linasaidia kazi. Pembeni, sehemu inayochomekwa chini ya godoro, pamekaa tu kama pamenunuliwa juzi.

Dawa yake ni kuhamisha pembeni kuje katikati. Kata shuka kwa urefu katikati kabisa, pale palipochoka. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zilizonyooka hukupa mstari mnyoofu kuliko mkasi: kata sentimita mbili kwa mkasi, kisha chana kwa mikono, mpasuko utafuata uzi wenyewe. Sasa una vipande viwili virefu. Chukua kingo za nje, zile zilizokuwa pembeni, uzilaze moja juu ya nyingine kwa sentimita 1, na ushone mistari miwili, mmoja kila ukingo. Ule ukingo wa kiwandani haufumuki, hivyo hauhitaji kukunjwa, na mshono unabaki bapa. Hilo ni muhimu: mshono mnene katikati ya shuka utamsumbua mlalaji usiku wa kwanza, na usiku wa pili shuka itarudi kabatini isitoke tena. Kingo mpya za nje, zile palipochanwa, zikunje mara mbili, sentimita 1 na 1 nyingine, upindie. Jumla umepoteza upana wa sentimita 5.

Wakati wa kufanya kazi hii ni kabla ya tundu. Kipimo ni mkono wako: uweke nyuma ya kitambaa kwenye mwanga. Ukihesabu vidole vyako kupitia shuka, wakati umefika. Ukingoja mpaka ichanike, kitambaa kitakuwa kimeoza eneo pana, na uzi mpya wenye nguvu ukishonwa kwenye kitambaa kilichochoka hukikata kama waya. Shuka itapasuka kando ya mshono, si juu yake, na wenye haraka watasema mbinu yenyewe haifai. Palipooza kata utupe ule ukanda wote, ushone kilichobaki kiwe shuka ya kitanda kidogo. Mashuka ya siku hizi yenye mpira kwenye pembe hayakubali mchezo huu kirahisi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupendelea yale bapa unapokwenda kununua.

Msifikiri haya ni mambo ya pembeni yasiyojulikana na serikali. Nchini Uingereza, nguo zilipoanza kutolewa kwa mgao Juni 1941, mgao uliokwisha mwaka 1949, serikali ililazimika kuwafundisha raia kurekebisha nguo zao. Familia zilizokuwa zikifanya hivyo tangu awali hazikuhitaji kufundishwa. Ziliingia kwenye uhaba zikiwa na sindano mkononi tayari.

Na hapa tutenganishe mambo mawili yanayofanana sura. Kuna kubana matumizi kwa sababu huna, na kuna kubana matumizi kwa sababu unajua. Mtoto hawezi kuona tofauti hiyo asipoambiwa. Mzazi anayesema "hatuna hela" kila anapoombwa kitu, hata pale hela ipo na sababu ni nyingine, anamfundisha mtoto kwamba kiraka ni dalili ya umaskini. Siku mtoto huyo akipata mshahara wake wa kwanza, atakachofanya kwanza ni kukimbia viraka. Semeni sababu ya kweli: "Hicho tulicho nacho bado kinafanya kazi," au "Hela hiyo ina kazi nyingine mwezi ujao." Maneno yanaongezeka kidogo tu, na yanabaki kichwani.

Tuondoke kwenye nguo. Bomba linalodondosha. Usibishane na mtu kuhusu matone. Weka chupa chini yake kwa saa moja. Ikikusanya mililita 250, hiyo ni robo lita kwa saa, lita 6 kwa siku, lita 2,190 kwa mwaka, na hapo ni bomba moja. Kwenye bomba la kawaida la kuzungusha, mara nyingi kilichokufa ni kile kimpira cha ndani kinachokandamiza tundu la maji. Funga koki kuu, fungua bomba maji yaliyobaki yaishe, fungua kichwa kwa spana, toa shina, badilisha kimpira kwa kingine cha kipenyo kilekile. Kabla hujarudisha, pitisha kidole kwenye mdomo wa chuma ambao kimpira hukalia. Ukikuta mkwaruzo au shimo, kimpira kipya kitachanika baada ya wiki chache, na tatizo lako ni chuma. Kinachoua vimpira haraka ni mikono yetu: bomba likidondosha tunalikaza kwa nguvu, kimpira kinasagika zaidi, tunakaza zaidi. Funga mpaka maji yakome, basi.

Viatu tutavipita haraka. Kisigino kibadilishwe kipande cha chini kabla ulikaji haujafika kwenye mwili wa kisigino chenyewe, maana kile kipande ni cha kutupwa na mwili wa kisigino si wa kutupwa. Na jozi mbili zinazopokezana siku kwa siku hudumu kuliko jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa ngozi hupata siku nzima ya kukauka jasho. Usikaushie viatu karibu na moto. Ngozi hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo wa vidole.

Jikoni kuna hesabu ambayo watu wengi hawaijui, na ndiyo iliyo nyuma ya kelele za bibi zetu za "funika sufuria!" Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 kunahitaji nishati ya kilojuli 335 hivi. Kuyageuza maji hayohayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke mpaka yaishe kunahitaji kilojuli 2,257. Ni karibu mara saba. Maana yake ni kwamba mvuke unaopaa jikoni ndio moto wako unaopaa. Maji yaliyochemka yamefika. Moto mkubwa hauyaongezei joto, unaongeza mvuke tu. Maji kuruka kwa fujo hakuivishi chakula upesi zaidi. Kikichemka, punguza moto mpaka viputo viwe vinapanda taratibu, ufunike.

Kutoka hapo ni hatua moja kufika kwenye kapu la joto, ambalo tunaliona kuwa ndio ufundi mkubwa kuliko wote wa jikoni la kubana matumizi. Wazo ni jepesi. Chakula kikishachemka, kinachohitajika ni kubaki na joto, si kuongezewa. Chukua kapu au sanduku, litie matandiko ya kuzuia joto: blanketi kuukuu, nyasi kavu, pamba, mabaki ya nguo. Unene usipungue sentimita 8 hadi 10 kila upande, na chini vilevile. Chini ndipo watu husahau, na joto jingi huponyokea hapo. Acha shimo lenye umbo la sufuria yako kabisa. Nafasi tupu kati ya sufuria na tandiko ni mlango wa baridi. Shona mto mnene wa kufunika juu.

Chakula kichemke motoni kikiwa kimefunikwa, dakika 10 hadi 15, ili joto lifike katikati ya vipande vikubwa. Kisha sufuria iende kapuni bila kufunuliwa hata kwa sekunde moja, na ikae humo saa 3 hadi 4. Sufuria iwe imejaa walau robo tatu. Chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa upesi, kwa kuwa hakina uzito wa kushika joto. Kikitoka, kinapaswa kuwa bado juu ya nyuzijoto 60. Kama kimeshuka chini ya hapo, kirudi motoni kichemke tena kabla ya kuliwa, na kama kimekaa vuguvugu kwa zaidi ya saa 2 kimwagwe. Kati ya nyuzijoto 5 na 60 bakteria huzaana kwa kasi. Ndiyo maana kapu si mahali pa kulaza kiporo.

Na maharage, hasa yale mekundu, yana sharti lake. Yana sumu ya asili inayovunjwa na kuchemka kwelikweli; moto hafifu usiofikia kuchemka hauiui, na unaweza hata kuizidisha. Yalowekwe saa 5 au zaidi, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemke kwa nguvu dakika 30, ndipo yaende kapuni. Aliyeruka hatua hii ili kuokoa moto ameokoa dakika na kununua maumivu ya tumbo.

Mfano huo unatuleta kwenye sehemu ya hotuba ambayo huenda isiwapendeze baadhi ya wazee wetu. Kila sheria ya kubana matumizi tuliyorithi ilikuwa na sababu. Sheria ikirithiwa bila sababu yake huendelea kutembea hata baada ya sababu kufa, na siku moja inadhuru. Mkate ulioota ukungu, kwa mfano. Watu hukwangua ile kijani na kula uliobaki. Lakini ukungu kwenye chakula laini una mizizi isiyoonekana iliyokwisha kupenya ndani. Kilichokwanguliwa ni maua yake tu. Nafaka na karanga zilizoota ukungu huenda zina sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa mapishi ya kawaida ya nyumbani. Hiyo si akiba, mwageni. Kama mnataka kuokoa nafaka, okoeni mapema, kwenye ukavu. Tia kiganja cha nafaka na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu yenye kifuniko, tikisa dakika 2 au 3, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi, irudi juani. Chumvi ikianguka chini safi, inaweza kwenda ghalani.

Fyuzi nayo. Ikikatika, kuna mwenye akili nyingi atakayeweka waya mnene au msumari "ili isikatike tena." Haitakatika, kweli. Sasa waya wa ukutani ndio utakuwa fyuzi, na utawaka ukiwa ndani ya ukuta. Fyuzi ni kitu kilichoundwa kife ili kingine kipone. Ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile, na ikikatika tena tafuta kinachoikata. Antibiotiki zilizobaki za mwaka jana zisiwekwe droo moja na vifungo, maana dozi ilitakiwa iishe na ugonjwa wa leo si ule. Mafuta ya kukaangia yaliyokuwa meusi, yenye povu na yanayofuka moshi mapema, yameshamaliza kazi.

Kuna na hatari ya kimyakimya: kuweka kila kitu. Nyumba ya kubana matumizi inaweza kugeuka ghala la makopo bila mtu kujua ilianza lini. Kipimo chetu ni hiki. Kila kinachowekwa kiwe na jina la kazi yake na chombo chenye mwisho. Vifungo: mkebe mmoja. Vitambaa: sanduku moja. Sanduku likijaa, kinachoingia kinamtoa wa zamani. Ukiulizwa "hiki cha nini?" na jibu lako ni "kitafaa siku moja," basi hakina kazi. Kitu usichoweza kukipata siku unayokihitaji ni sawa na kitu ulichotupa, tofauti yake kinakula nafasi.

Ubahili tuuseme kwa sentensi chache, unastahili chache. Mbana matumizi hujinyima kipya ili kilichopo kitumike chote. Bahili humnyima mwingine. Anayempunja fundi ujira wake halafu akajisifu kuwa anajua kuhifadhi hela, hajahifadhi kitu. Amehamisha hasara yake akaibandika kwa mtu mwingine.

Tumefika kwenye hela. Mkutano wa kimataifa wa mabenki ya akiba uliofanyika Milan, Italia, Oktoba 1924, uliitenga tarehe 31 Oktoba kuwa siku ya akiba duniani. Ni siku nzuri, ila akiba ya benki huja mwisho wa mnyororo. Mwanzo wake ni lile daftari la nyumbani. Daftari lisiwe na safu ishirini. Likiwa na nyingi litaachwa wiki ya pili. Safu nne zinatosha: tarehe, kitu, kiasi cha hela, na kipimo, yaani kilo, lita au idadi. Safu ya kipimo ndiyo watu huiacha, na bila hiyo huwezi kugawanya. Gawanya hela kwa kipimo kila unaponunua, utagundua mara kwa mara kwamba pakiti kubwa si lazima iwe nafuu kuliko ndogo. Na kiatu kinachouzwa mara tatu ya kingine lakini kikavaliwa mara tano zaidi ndicho cha bei ya chini, mradi kinaweza kubadilishwa soli. Soli iliyomiminwa pamoja na kiatu haibadilishwi kirahisi, hata kama ngozi ya juu ni ya miaka ishirini.

Taa ni mfano mwepesi wa hesabu hiyo. Balbu ya zamani ya wati 60 na taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana. Zikiwaka saa 5 kwa siku, ya kwanza inakula wati-saa 300, ya pili 45. Tofauti ni 255 kwa siku, ambazo kwa mwaka zinakaribia uniti 93. Mwenye taa sita azidishe mwenyewe. Kuhifadhi balbu za zamani "kwa sababu bado zinawaka" ni ile sheria tuliyosema, iliyokufa sababu.

Halafu deni. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, watu husema ni asilimia 120 kwa mwaka. Sivyo, kama riba isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Deni la 100 baada ya miezi 12 linakuwa 313 na ushei. Kuna njia ya kichwa ya kupima mambo haya: gawanya 72 kwa riba ya mwaka, utapata takriban miaka ambayo kiasi kitajizidisha mara mbili. Akiba ya asilimia 6 hujizidisha kwa miaka 12 hivi. Deni la asilimia 24, miaka 3 na kidogo. Ndiyo sababu mwenye deni la namna hiyo hapaswi kuwa na akiba kubwa imelala pembeni. Abakize ya dharura, iliyobaki imalize deni.

Vijana, mmevumilia. Tunajua hotuba kama hii mara nyingi huwageuka ikawa mawaidha, na hakuna aliyewahi kujifunza sindano kwa mawaidha. Wazazi, mpeni mtoto kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana. Kifungo kinafaa. Uzi uwe wa urefu wa mkono, usizidi. Mrefu hujifunga wenyewe na mtoto hukata tamaa. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, kati ya matundu, pitisha uzi mara nne au tano juu ya njiti, chomoa njiti, vuta kifungo juu. Sasa kuna ulegevu kati ya kifungo na nguo. Zungushia uzi hapo mara tatu au nne upate shina, kisha funga kwa nyuma. Bila shina, kitambaa cha upande wa pili kitakosa nafasi ya kukaa chini ya kifungo, kitakuna uzi kila siku, na kifungo kitaanguka tena. Mtoto aliyekiona kifungo chake mwenyewe kinakaa atauliza swali la pili bila kuitwa.

Meza tatu zimepangwa upande wa dirisha. Ya kwanza ina mashine mbili zilizokwisha kutiwa uzi, ya katikati ina shuka za kujaribia, na ile ya mwisho ina bomba lililofunguliwa pamoja na vimpira vya vipimo mbalimbali. Mwenye shati la kola iliyokwisha aje nalo sasa. Chaki ziko kwenye bakuli; nyembe tunazishika sisi mpaka tuone alama za katikati.